Shaaban Robert: Karani aliyevishwa nishani na serikali aliyoichoma kwa kalamu

Wengi tunamjua Shaaban Robert kwa vitabu vya shule. Lakini mkono uliomlisha mwandishi huyu ulikuwa wa serikali ya kikoloni.

Alizaliwa Januari 1, 1909 Vibambani, Tanga, akasoma Dar es Salaam, na mwaka 1926 akaanza kazi ya ukarani idara ya forodha. Baadaye akahamia idara ya wanyamapori, ofisi ya wilaya Tanga, kisha upimaji ardhi. Miaka zaidi ya 30 ya mafaili, huku mashairi na hadithi akiandika pembeni.

Serikali hiyohiyo ikamtunuku MBE, nishani ya Uingereza kwa watu waliotoa utumishi mwema. Kwa uandishi alipata pia Nishani ya Margaret Wrong.

Sasa kumbuka, mwaka 1951 huyu karani alitoa Kusadikika. Nchi yenyewe eti iko angani, na kila mjumbe anayerudi na mawazo mapya kutoka nje anatupwa jela. Wajumbe sita, wote gerezani! Karama, kijana aliyeshtakiwa na Waziri Majivuno, anayamwaga yote barazani mbele ya mfalme. Wasomaji wengi wameiona Tanganyika ya wakoloni humo. Kwa mtumishi wa serikali, huko kulikuwa kukitia mchanga kitumbua chake mwenyewe. Nadhani anga ndiyo iliyomwokoa.

Uhuru ulipatikana Desemba 9, 1961. Yeye alifariki Juni 1962, akiwa na miaka 53.