Domenico Zipoli, Mpiga Kinanda wa Roma na Córdoba

Domenico Zipoli alizaliwa mwaka wa 1688 katika mji wa Prato, nchi ya Italia. Alijifunza muziki kwa mafundi wa Florence, Naples, Bologna na Roma. Mwaka wa 1715 aliwekwa kuwa mpiga kinanda wa Gesù, kanisa kubwa la Wajesuiti mjini Roma, na mwaka uliofuata kitabu chake cha muziki wa kinanda kilipigwa chapa. Basi, sifa ilikuwa imekwisha kumfikia. Naye mwaka ule ule akayaacha yote, akaenda Sevilla katika Hispania, akaingia Shirika la Yesu ili apelekwe misioni ya Paraguay.

Mwezi wa Aprili 1717 alipanda merikebu huko Cádiz, na mwezi wa Julai akafika Buenos Aires. Toka hapo alikwenda Córdoba, akasoma falsafa na teolojia, huku akipiga kinanda kanisani, na watu wakafurika kumsikiliza. Nyimbo zake zilinakiliwa kwa mkono, zikapelekwa mbali, hata mtawala wa Kihispania aliyekaa Lima akaomba nakala zake. Katika vijiji vya misioni ziliimbwa na wenyeji, ambao walijua kuimba kwa sauti nyingi na kutengeneza fidla na vinanda kwa mikono yao.

Masomo aliyamaliza, walakini upadre hakuupata, kwa kuwa hapakuwa na askofu wa kumpa daraja. Akiwa katika kungoja alishikwa na kifua kikuu, akafa tarehe 2 Januari 1726 katika shamba la Wajesuiti la Santa Catalina, mwenye umri wa miaka 37. (Shambani humo walitumikishwa watumwa Waafrika, si haki kupataja mahali pale na kulinyamazia jambo hilo.)

Mwaka wa 1767 mfalme wa Hispania aliwafukuza Wajesuiti katika nchi zake zote. Mtu angedhani muziki ule ungekufa. Lakini Wachiquitano, bila Wajesuiti wa kuwahimiza, waliendelea kupiga na kuimba, na karatasi zilipochakaa wakazinakili upya. Kila afundishaye kwaya ajua taabu ya kazi hiyo. Ulaya walimkumbuka tu mpiga kinanda aliyetoweka, mpaka mwaka wa 1941 mwanachuoni wa Uruguay, Lauro Ayestarán, alipoonyesha kuwa yule wa Roma na yule wa Córdoba ni mtu mmoja. Kisha tangu mwaka wa 1972, makanisa ya Chiquitos katika Bolivia yalipokuwa yakitengenezwa, zilionekana kurasa za muziki kwa maelfu. Nyimbo za Zipoli zilikuwamo.