Ibn Sina na mtoto aliyekataa ziwa

Binti yangu alijifungua hapa Doha, na siku ya pili kichanga akawa hashiki ziwa. Akivuta mara mbili tatu, analala. Bibi mmoja wa kwetu akaja na kikombe cha asali, akisema ndiyo dawa ya Ibn Sina. Nesi akakataza katakata. Nikaulizwa mimi, kwa kuwa ni mwalimu mstaafu, nani mkweli. Jawabu limo katika maisha ya bwana huyo mwenyewe.

Ibn Sina alizaliwa karibu na mwaka 980 katika kijiji cha Afshana, jirani na Bukhara. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali. Miaka kumi tu, ameshahifadhi Qur'ani. Alipofika kumi na sita alikuwa anatibu watu, na matabibu wakubwa wakija kusoma kwake. Akasaidia kumtibu Amiri Nuh bin Mansur, na zawadi yake ikawa ruhusa ya kuingia maktaba ya kifalme.

Baba alipofariki na dola ya Bukhara kuanguka, akawa mtu wa safari, mji hadi mji. Jurjan ndiko alikoanza kuandika Kanuni ya Tiba, kitabu cha juzuu tano. Hamadan alifanywa waziri. Mchana kazi za serikali, usiku kuandika na kusomesha. Siasa zikamgeuka, akafungwa miezi minne katika ngome ya Fardajan, na huko pia hakuacha kuandika. Mwishowe akatorokea Isfahan amevaa nguo za kisufi. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini, na Ulaya wakasomea udaktari humo kwa karne nyingi.

Ndani ya kitabu hicho hakumsahau kichanga. Aliandika kwamba maziwa ya mama ndiyo yanayomfaa zaidi mtoto, na muda wa kunyonya ni miaka miwili. Alisema hata kutiwa chuchu ya mama mdomoni kuna nafuu kubwa kwa mtoto. Alitaka abembelezwe kwa kutikiswa taratibu na kuimbiwa, kama bibi zetu wafanyavyo. Kuachisha ziwa kuwe pole pole, na mtoto aking'ang'ania, mama ajipake kitu kichungu. Sisi wa pwani tunajua shubiri!

Lakini mengine hayakusimama. Alisema mtoto alambe asali kabla ya kunyonya, anyonyeshwe mara mbili au tatu kwa siku, na siku za mwanzo anyonyeshwe na mwanamke mwingine. Leo tunajua asali inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza mwili wa mtoto hadi ashindwe kupumua, kwa hivyo ni marufuku kabla ya mwaka mmoja. Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Na yale maziwa mazito ya manjano ya mwanzo, dang'a, ni kinga yake ya kwanza.

Ibn Sina hakuwa mtu wa kung'ang'ania neno kwa kuwa limeandikwa. Aliwasoma wa kale kina Galen, na bado akasahihisha alipoona kosa. Alifariki Hamadan mwaka 1037 kwa maradhi ya tumbo, baada ya kuwaacha huru watumwa wake na kutoa sadaka. Basi kumheshimu ni kufanya kama yeye: kutazama, kisha kuhukumu.

Nikamwambia bibi yetu hivyo, kwa adabu, na kikombe kikarudi jikoni. Nesi akamweka mtoto kifua kwa kifua na mama yake, akangoja afungue mdomo wazi kabisa, ndipo akamsogeza, chuchu na weusi wake viingie ndani. Akavuta. Tukasikia anameza.

Wazazi, mtoto akikataa kunyonya, nepi zikawa kavu, akawa mlegevu au ana homa, msingoje ushauri wa nyumbani. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.