Karani Aliyewaandikia Watoto Wake

Jina la Shaaban Robert lajulikana na kila mtoto aliyepata kukaa darasani katika nchi hii. Aghalabu hutajwa kuwa ni mshairi, husifiwa kwa lugha yake, kisha kitabu hufungwa. Juma hili twawaomba wasomaji wetu wamtazame mtu huyu akiwa nyumbani kwake: mume, kisha mgane, baba wa watoto, karani aliyesubiri mwisho wa mwezi kama makarani wote. Alikuwa Mwislamu, aliishi na kufa katika dini yake, nasi hatuna nia ya kumbatiza kwa wino. Lakini mambo ya kulea watoto na kufiwa na mwenzi hayachagui mlango wa kuingilia, na familia zetu za Kikatoliki zitamtambua upesi kuwa ni jirani.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji wa Tanga. Masomo aliyapata Dar es Salaam tangu 1922 hata 1926, na mara baada ya hapo akaingia kazi ya ukarani katika forodha. Kazi hiyo aliifanya miaka 18. Karani wa serikali ya siku zile hakuwa na kwao. Leo yu Pangani, kesho amri yaja, vyombo vyafungwa, mke na watoto wapandishwa garini, na majirani waliozoeana waachana kwa machozi. Kutoka forodhani alihamishiwa idara iliyoshughulika na wanyama, akakaa Mpwapwa, mbali na bahari aliyoizoea. Na katika kitabu cha maisha yake amesimulia jinsi alivyobaguliwa safarini kwa sababu ya rangi yake, yeye mtumishi wa serikali ile ile. Mwaka 1946 alirudishwa Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya wilaya, na baadaye katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Mshahara haukuwa mkubwa, wala vitabu havikumtajirisha.

Sasa tuingie ndani. Mke wake wa kwanza aliitwa Amina. Ndoa yao ilidumu miaka kama kumi, kisha mauti yakamchukua bibi yule angali kijana. Shairi alilomtungia lajulikana kwa jina lake, Amina, na walimu huwafundisha watoto kulichambua vina na mizani. Ni vema, lakini twadhani shairi lile halieleweki vizuri mpaka mtu akumbuke kwamba aliyelitunga aliamka kesho yake, akaenda kazini, akarudi jioni katika nyumba ambamo sauti moja ilikuwa imekoma, na watoto walikuwa wakingoja chakula. Wanaume wengi wa wakati ule, na wa wakati wetu, wangalimpeleka mtoto kwa bibi yake au kwa shangazi, wakaona wajibu umekwisha. Tena si makosa sikuzote kufanya hivyo. Jamaa ndio tegemeo letu. Ila Shaaban Robert alishika njia nyingine pamoja na hiyo. Alichukua karatasi.

Binti yake aliitwa Mwanjaa, na mwanawe aliitwa Suleiman. Kwa binti alitunga Utenzi wa Hati, na kwa mwana alitunga Utenzi wa Adili. Wasomaji wa pwani watakumbuka kwamba kazi ya namna hii ilikwisha fanywa kabla yake: mwaka 1858 Mwana Kupona, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha ambao husomwa hata leo. Lakini yule alikuwa mama akisema na binti. Huyu ni baba. Mambo ambayo desturi iliyaweka mikononi mwa mama, usafi wa mwili na nguo, utunzaji wa nyumba, adabu mbele ya wakubwa, namna ya kukaa na mume, yeye aliyatamka mwenyewe, beti kwa beti, kwa upole, pasipo kuona haya. Baadhi ya mawaidha yake juu ya mke na mume hayatawapendeza binti zetu wa leo, na huenda wana haki. Hata hivyo twauliza: ni akina baba wangapi wajuao jambo gani binti yao wa miaka kumi na miwili aogopa, au jambo gani humchekesha? Mtu hawezi kumtungia mtoto utenzi mrefu kama ule asipokuwa amekaa naye, amemtazama akicheza, amemsikia akiuliza maswali yasiyo na mwisho.

Tunaposema hayo, fikira zetu zaenda Mkata. Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Tanga, akiisha kupita Chalinze na kabla hajafika Segera, huliona soko lile kando ya barabara katika wilaya ya Handeni. Hapo njia yagawanyika, mkono mmoja waelekea Handeni mjini, na kutoka huko hata Korogwe. Wanaume wa mahali kama pale wengi wao huishi kwa barabara: dereva, utingo, mchukuzi, muuza matunda akimbiaye kando ya basi. Wao hutoka nyumbani kungali giza na kurudi kungali giza, na watoto huwajua kwa kikohozi cha usiku na kwa viatu mlangoni. Wanawake nao wana vita vyao, maana nchi ya Handeni yasumbuliwa na ukosefu wa maji, na ndoo moja yaweza kula asubuhi nzima. Kuwaambia watu wa namna hii kwamba nyumbani mna furaha huonekana kama mzaha wa mtu aliyeshiba.

Nasi hatusemi mzaha. Furaha za nyumbani ni ndogo, na kwa sababu ni ndogo hazingoji mshahara upande. Ni bada la moto na samaki, wote wakinawa katika bakuli moja. Ni mtoto kupokea kikapu cha baba njiani na kuchungulia kama mna chungwa. Ni bibi kusimulia kisa cha sungura ambacho wote wakijua mwisho wake, na bado wote kuudai mwisho huo. Ni sala ya jioni ambayo mdogo husinzia katikati, akabebwa kitandani. Karani wa Tanga aliyajua mambo ya kadiri hii. Katika hadithi yake Utubora Mkulima, iliyochapishwa 1968 baada ya kufa kwake, amemweka mtu aachaye kazi ya mshahara mjini na kwenda kulima katika kijiji cha Busutamu, na huko kupata raha ambayo fedha haikumpa. Yeye mwenyewe hakuweza kuacha kazi. Alikuwa na watu wa kulisha. Labda ndiyo sababu aliiandika hadithi ile kwa shauku kubwa namna ile.

Tusimpambe kupita kiasi. Alioa tena, akafiwa tena na watoto. Kwa jumla alioa mara tatu, na katika watoto kumi aliowazaa, watano tu walikuwa hai alipofariki. Mzazi aliyezika mtoto mmoja ajua uzito wa hesabu hiyo. Kwa hiyo utulivu tunaouona katika maandishi yake haukutoka katika maisha mepesi.

Alikuwa na ndugu mdogo, Yusuf Ulenge, naye mtu wa vitabu, na tangu 1931 hata 1958 alikuwa akimwandikia barua. Humo mna habari za afya, za fedha, za jamaa, za miswada na wachapishaji, zilivyochanganyika kama zichanganyikavyo katika barua ya ndugu yeyote. Yusuf hakuzitupa. Shaaban Robert alifariki mwezi wa Juni 1962, miezi sita tu baada ya nchi kupata Uhuru, akazikwa Machui, karibu na mahali alipozaliwa. Barua zile zilikaa miaka 40 zaidi, hata mwaka 2002 Profesa Mulokozi akazihariri na zikachapishwa Dar es Salaam, na sasa mtu yeyote aweza kusoma jinsi mshairi mkubwa alivyokuwa akimuuliza mdogo wake habari za nyumbani.