Locati: Askofu aliyewaanzia watoto wadogo wa Isiolo

JIONI ya Julai 14, 2005, Askofu Luigi Locati alipigwa risasi katika kituo cha kichungaji cha Kanisa Katoliki mjini Isiolo, karibu na makazi yake. Alifariki kutokana na majeraha hayo, zikiwa zimesalia siku tisa pekee atimize umri wa miaka 77.

Siku mbili kabla ya hapo, Julai 12, watu waliojihami kwa bunduki walikuwa wamevamia kituo cha biashara cha Turbi, katika iliyokuwa wilaya ya Marsabit, na kuua zaidi ya watu 50. Zaidi ya 20 kati ya waliouawa walikuwa wanafunzi wa shule ya msingi.

Hakuna ushahidi uliowahi kuonyesha kwamba misiba hiyo miwili ilihusiana. Hata hivyo, ilitokea katika juma moja, na yote miwili iligusa jambo lililomshughulisha Locati kwa zaidi ya miaka 40: je, mtoto wa maeneo kame anaweza kuumaliza mwaka wa masomo akiwa salama, mwenye afya, na akiwa amepata nafasi ya kukuza kipaji chake?

Locati alizaliwa Julai 23, 1928, katika kijiji cha Vinzaglio, kaskazini mwa Italia. Kijiji hicho kiko katika uwanda wa mashamba ya mpunga, nchi ya mifereji na maji mengi. Alipata upadri mwaka 1952 katika jimbo kuu la Vercelli.

Hakuwa mwanashirika wa mojawapo ya mashirika ya wamishonari ambayo Wakenya wengi wameyazoea. Alikuwa padri wa kawaida wa jimbo, aliyeazimwa na jimbo lake ili ahudumu kwingine. Alifika Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, nchi ilipokuwa ikijipatia uhuru, akapelekwa Isiolo, mji ambao kikanisa ulikuwa chini ya Meru.

Isiolo wakati huo ulikuwa mlango wa kuingilia kaskazini. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeifunga sehemu hiyo ya nchi kwa miongo mingi. Safari za kuingia na kutoka zilihitaji kibali, na kazi za wamishonari, ambao kwingineko ndio waliokuwa wakijenga shule nyingi, zilibanwa. Mikoa mingine ilipokuwa na vizazi viwili vya watu waliosoma, kaskazini ilihesabu shule zake kwa vidole.

Tena, uhuru wenyewe ulikuja na vita. Mnamo Juni 1963, Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, aliuawa pamoja na Chifu Haji Galma Dida. Vita vya Shifta vilivyofuata viliendelea hadi mwaka 1967.

Katika vita hivyo, familia za wafugaji zilikusanywa katika vijiji vilivyolindwa na askari huko Garba Tulla, Merti na Modogashe. Mifugo haikuweza kufuata malisho, nayo ilikufa kwa maelfu au ikachukuliwa. Waborana wa Waso huuita wakati huo Gaaf Daba, yaani wakati kila kitu kiliposimama.

Ni vyema kueleza maana ya hasara hiyo kwa mtoto. Katika boma la mfugaji, maziwa ndicho chakula. Ng'ombe au ngamia akifa, mtoto hupoteza kiamsha kinywa, chajio na sehemu kubwa ya kinga ya mwili kwa pigo moja. Familia nyingi zilizofilisika zilihamia kandokando ya mji wa Isiolo kutafuta vibarua na msaada wa chakula. Watoto waliokuwa wakinywa maziwa sasa walikunywa chai ya rangi.

Hao ndio watoto ambao padri kutoka uwanda wa mpunga aliwakuta. Katika miaka iliyofuata, kazi yake ilizaa shule za chekechea, shule za msingi, mafunzo ya ufundi na zahanati. Wengi wa watoto waliosoma katika shule hizo walikuwa Waislamu.

Kuwaanzia wadogo kulikuwa na mantiki yake. Isiolo ni mji wa Waborana, Wasomali, Wasamburu, Waturkana, Wameru na wengineo. Mtoto wa miaka mitano hutoka nyumbani akiwa na lugha moja tu, ile ya mamake. Akipelekwa moja kwa moja katika darasa la kwanza, hukaa kimya muhula mzima, na mwalimu mwenye wanafunzi wengi huenda akadhani kuwa mtoto huyo ni mzito wa kuelewa.

Chekechea humpa mwaka au miaka miwili ya kujifunza Kiswahili kwa kucheza, kuimba na kugombania mpira mmoja na mtoto wa jamii ambayo wazee wake labda wanapigana na wazee wa mwenzake kwa sababu ya kisima. Zaidi ya hayo, katika maeneo kame chekechea ni mahali ambapo mtoto anaweza kupata uji wa asubuhi, na mahali ambapo mtu mzima mwingine, mbali na mzazi, humtazama usoni kila siku.

Kutazamwa huko si jambo dogo. Ugonjwa wa vikope umekuwa ukiwasumbua watu wa maeneo kame kwa vizazi. Huenezwa na nzi na mikono michafu, na mtu akiambukizwa mara nyingi tangu utotoni, anaweza kupofuka ukubwani. Kinga yake ya kwanza ni kunawa uso, lakini maji ya kunawa hukosekana pale ambapo mtungi mmoja hutembelewa kilomita kadhaa.

Mwalimu aliyezoea kuwatazama wanafunzi wake ndiye anayeona macho mekundu kabla ya mtu mwingine. Ndiye anayegundua kuwa mtoto aliyekuwa hodari wa kusoma sasa anasinzia saa nne asubuhi kwa sababu ya minyoo, malaria au njaa tupu. Zahanati ikiwa karibu na shule, tatizo hilo huwa na jibu siku hiyo hiyo. Ikiwa mbali, mtoto huacha kuja, na kitabu cha mahudhurio huandika tu kwamba hayupo.

Kuna ugumu mwingine ambao wageni wa Isiolo huchelewa kuuelewa. Kalenda ya shule ya Kenya haikutungwa kwa kufuata mvua za kaskazini. Masika huko huanza Machi hadi Mei, na vuli Oktoba hadi Desemba. Muhula wa kwanza hufunguliwa katika kiangazi cha Januari. Muhula wa pili hufikia kilele chake wakati malisho yakikauka, na wa tatu huanza kabla ya mvua kurudi.

Katika miezi hiyo ya ukavu, wavulana huhitajika katika fora, kambi za mbali za mifugo, na wasichana huhitajika kuteka maji. Mzazi anayemwondoa mwanawe shuleni mwezi wa Februari hafanyi hivyo kwa kudharau elimu. Anapiga hesabu ya uhai: nani atawanywesha ng'ombe?

Kwa sababu hiyo, mwalimu yeyote wa Isiolo hulazimika kushindana na kiangazi, na silaha zake ni chakula, bweni na maji. Serikali nayo ilikuja kutambua hivyo. Mwaka 1971 Rais Jomo Kenyatta aliondoa karo ya shule za msingi katika wilaya kame, Isiolo ikiwemo. Katika mwongo huo shule za msingi za bweni za gharama nafuu zilianzishwa katika maeneo ya wafugaji. Mwaka 1980 mpango wa chakula shuleni ukaanza kwa ushirikiano na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani.

Sahani ya mahindi na maharagwe saa sita mchana ikawa sababu ya mzazi kumwachilia mtoto. Panapokosekana chakula hicho, idadi ya wanafunzi hupungua hata kama walimu wapo na vitabu vipo.

Locati alifanya kazi yake ndani ya mabadiliko hayo yote. Sheria za hali ya hatari zilizoikaba kaskazini tangu vita vya Shifta hazikuondolewa hadi mwaka 1991. Kwa karibu miongo mitatu, basi, shule, zahanati na makanisa ya eneo hilo yaliendeshwa penye vizuizi vya polisi na hofu ya wavamizi wa mifugo.

Desemba 15, 1995, Papa Yohane Paulo II aliitenga Isiolo kutoka jimbo la Meru na kuifanya Vikarieti ya Kitume, akamteua Locati kuwa kiongozi wake wa kwanza. Kanisa kuu la mji likabeba jina la Mtakatifu Eusebius, askofu wa kwanza wa Vercelli katika karne ya nne, kama kumbukumbu ya jimbo lililomtuma.

Uaskofu ulimpa eneo la takriban kilomita mraba 25,000, lenye watu wachache waliotawanyika na barabara ambayo lami yake ilikomea pale pale mjini. Kutoka Isiolo hadi Merti ilikuwa safari ya vumbi ya siku nzima, au zaidi mvua inyeshapo. Aliendelea kulipa elimu uzito wa kwanza, pamoja na afya.

Mafunzo ya ufundi yalikuwa na nafasi yake katika mpango huo. Mtoto wa mfugaji huja shuleni akiwa na ujuzi ambao mtihani haupimi. Akiwa na miaka 10 anaweza kumtambua mbuzi mmoja kati ya 100, kusoma nyayo, kukadiria umbali na kukumbuka njia aliyopita mara moja. Mtoto kama huyo akishindwa na karatasi ya mtihani, haimaanishi kwamba hana akili. Karakana humpa mlango wa pili: useremala, uashi, ushonaji, umekanika.

Kazi hiyo haikukosa udhaifu. Kwa kiasi kikubwa ilitegemea fedha za wahisani wa Italia, na taasisi inayotegemea urafiki wa mtu mmoja na watu wa mbali huwa katika hatari siku mtu huyo atakapoondoka. Shule huwa imara zaidi pale wazazi wanapoiona kuwa mali yao.

Julai 2003 Locati alitimiza miaka 75, umri ambao maaskofu Wakatoliki hutakiwa kuomba kustaafu. Mwaka huo huo serikali ya Rais Mwai Kibaki ilirejesha elimu ya msingi bila malipo kote nchini, na madarasa yakafurika. Locati alikuwa bado kazini miaka miwili baadaye alipouawa. Kesi ya mauaji yake ilidumu mahakamani kwa zaidi ya miaka 10.

Alizikwa Isiolo. Mwaka 2006 Askofu Anthony Ireri Mukobo alichukua uongozi wa vikarieti hiyo, ambayo mwaka 2023 ilipandishwa hadhi kuwa jimbo kamili.

Mengi yamebadilika tangu wakati huo. Barabara ya lami imefika Moyale. Tangu 2009 serikali imeendesha mpango wake wa chakula shuleni kwa mazao ya humu nchini. Katiba ya 2010 iliikabidhi elimu ya chekechea kwa serikali za kaunti, hivi kwamba jambo ambalo Locati alilifanya kwa michango ya wahisani sasa ni wajibu wa kikatiba wa viongozi waliochaguliwa na watu wa Isiolo wenyewe.

Ila ukame haujabadilika. Kati ya 2020 na 2023 misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosa kunyesha ipasavyo kaskazini mwa Kenya, na mifugo ikaangamia tena kwa wingi. Kwa mara nyingine watoto waliondoka madarasani kufuata maji.

Maisha ya Locati hayakutoa dawa ya ukame wala ya bunduki. Yalionyesha mpangilio wa kazi: kwanza mtoto apate chakula na maji, macho na tumbo lake viangaliwe, aelewe lugha ya darasa, aketi kwa amani na mtoto wa jirani, kisha ndipo mwalimu atafute kile anachokiweza zaidi ya wenzake. Kuanzia mwishoni, kwa kudai alama za juu kutoka kwa mtoto mwenye njaa, ni kumwonea.

Kila Januari, kengele ya muhula wa kwanza inapolia Isiolo, jua huwa kali na visima vimeshuka. Mwalimu mkuu anayetaka kujua ni wanafunzi wangapi watakaokuwa wamesalia kufikia Machi huanza kwa kuchungulia ghala la chakula na tangi la maji.