Tezuka na Bei ya Kalamu Yake

Umo miongoni mwetu watu wazima mtindo wa kumpokonya mtoto kitabu cha vibonzo na kumwambia akasome. Huenda mtindo huo una haki yake. Hata hivyo, leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu, na hasa wakubwa wa ofisi ambao kazi yao ni kukadiria malipo ya jasho la watu wengine, habari za mtu aliyekuwa daktari kwa cheti na mchoraji wa vibonzo kwa hiari yake. Jina lake ni Tezuka Osamu, na nchi yake ni Japani, ambayo nayo ni nchi ya visiwa.

Alizaliwa tarehe 3 Novemba 1928 katika mji wa Toyonaka, karibu na Osaka, akalelewa Takarazuka. Mji huo umesifika kwa jumba lake la maonyesho ambamo wachezaji wote ni wanawake, hata wale wanaovaa suruali na kuigiza wanaume, na mama yake alikuwa akimpeleka huko. Baba yake naye alikuwa na mashine ya kuonyeshea filamu nyumbani, kitu adimu siku zile. Mtoto mwenyewe alikuwa mwembamba, mwenye miwani na nywele za kujisokota, na wenzake shuleni walimwonea hadi walipogundua kwamba anajua kuchora. Alipenda wadudu kupita kiasi. Kwa kuwa jina lake lilifanana na la mbawakawa mmoja aitwaye osamushi, aliliongezea herufi yenye maana ya mdudu, na hivyo ndivyo alivyotia sahihi kazi zake mpaka mwisho wa maisha yake.

Katika ujana wake alipatwa na maradhi ya ngozi yaliyoivimbisha mikono yake, akawa karibu kuipoteza. Daktari aliyemponya ndiye aliyemtia hamu ya kuwa tabibu. Kisha vita vikamchukua. Alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha zana za kijeshi, na mwezi wa Juni 1945 ndege za Marekani zilipoishambulia Osaka alikuwa juu ya mnara wa ulinzi. Aliteremka akakuta maiti na majengo yanayowaka. Miezi miwili baadaye vita vilikwisha, na usiku wa siku ile aliiona Osaka ikiwasha taa tena baada ya giza la muda mrefu. Tangu hapo, yasemwavyo na wengi waliomjua, hakuacha kuchora dhidi ya vita.

Mwaka huo huo wa 1945 alianza masomo ya udaktari Osaka. Lakini Januari 1946, akiwa na umri wa miaka 17, gazeti moja la watoto lilikwisha anza kuchapisha vibonzo vyake. Mwaka 1947 kikatoka kitabu chake cha kisiwa cha hazina, alichokichora kwa maandishi ya Sakai Shichima, nacho kikauzwa kwa wingi uliowashangaza wachapishaji. Kitabu hicho kilikuwa cha karatasi duni na bei ya chini, cha namna iliyokuwa ikiuzwa pamoja na vitu vya kuchezea. Vijana walivutiwa na kurasa za mwanzo, ambapo mvulana anaendesha gari mbio kuelekea bandarini, na picha zimepangwa kana kwamba kamera ya filamu inalifuata gari hilo. Kabla ya hapo vibonzo vingi vilifanana na jukwaa ambalo mtazamaji hulitazama kutoka kiti kimoja tu.

Basi kijana akawa na njia mbili. Alipomwuliza mama yake ashike ipi, mama alimtaka afuate ile aipendayo. Tumewaza sana juu ya jibu hilo, kwani nchi ilikuwa imeharibiwa, chakula kilikuwa shida, na udaktari ulikuwa mkate wa uhakika. Ni wazazi wachache mno ambao wangethubutu. Hata hivyo Tezuka hakuyatupa masomo: alipata leseni ya udaktari mwaka 1952, na mwaka 1961 akapewa shahada ya juu kabisa ya udaktari huko Nara kwa utafiti juu ya mbegu za uzazi za konokono wa majini.

Mwaka ule ule wa 1952 ndipo alipoanza kisa cha Atomu, mvulana wa chuma. Mwanasayansi mmoja amefiwa na mwanawe katika ajali ya gari, anaunda mtoto wa mashine badala yake, kisha anapoona hakui anamwuza kwa watu wa sarakasi. Mtoto huyo anaendeshwa na nguvu za nyuklia, na nguvu hizo hizo ndizo zilizoiteketeza Hiroshima na Nagasaki miaka saba tu iliyotangulia. Watoto walikipenda kisa hiki mno. Wakubwa, kwa upande wao, walikasirika: mwaka 1955 palikuwa na kampeni kubwa ya wazazi na walimu dhidi ya vitabu vibaya, na hata vya Tezuka vililaumiwa.

Ipo kazi yake moja inayotugusa sisi Waafrika. Tangu 1950 hadi 1954 alichora hadithi ya simba mweupe anayetawala msitu wa Afrika, ambaye mwishoni anakufa juu ya mlima wa theluji ili ngozi yake imwokoe binadamu asigande kwa baridi. Ni hadithi nzuri. Lakini Waafrika aliowachora humo, pamoja na katika vitabu vyake vingine, ni wa midomo mikubwa na sura za kejeli, kama walivyochorwa katika filamu za Kimarekani alizozitazama utotoni. Baada ya kufa kwake lawama zilitolewa huko huko Japani, na wachapishaji wakaweka maelezo katika vitabu hivyo. Sisi twaona lawama hizo zilistahili, na hatuoni sababu ya kuificha hadithi yenyewe.

Tufikie sasa jambo la bei. Tarehe 1 Januari 1963 kisa cha Atomu kilianza kuonyeshwa katika televisheni, kila wiki kipande cha nusu saa, kutoka katika kampuni aliyoianzisha mwenyewe, Mushi Production. Hapakuwa na aliyeamini kwamba yawezekana, kwa sababu filamu ya vibonzo huhitaji maelfu ya picha. Tezuka alipunguza picha: palipohitajika 24 kwa kila nukta ya saa alitumia 8 au chini ya hapo, akatikisa mdomo tu huku uso umetulia, na picha zilizokwisha kutumika akazihifadhi azitumie tena. Watazamaji hawakujali. Katika kilele chake kisa hicho kilitazamwa na zaidi ya asilimia 40, vilitengenezwa vipande 193, na Marekani wakakinunua mwaka huo huo wa 1963.

Lakini alikuwa amekiuza kwa kituo cha televisheni kwa bei iliyo chini ya gharama zake. Alitaraji kufidia kwa mauzo ya nje na kwa sanamu za Atomu zilizobandikwa kwenye bidhaa kama chokoleti, na yasemekana alitaka pia washindani wasiweze kumfuata. Washindani walimfuata, na bei ile ikawa kipimo chao wote. Mwaka aliokufa, mtengeneza filamu Miyazaki Hayao aliandika kumlaumu waziwazi kwa jambo hilo. Wako wanaomtetea kwa kusema kwamba pasipo bei hiyo vibonzo visingeingia kabisa katika televisheni. Sisi twadhani pande zote mbili zina ukweli, ila anayepunguza bei ya kazi yake mwenyewe hupunguza pia ya mwenzake ambaye hakuulizwa, na hilo Tezuka hakulipima vya kutosha.

Naye alilipa. Mwaka 1973 kampuni ilifilisika, madeni yakamwangukia, na katika magazeti ya vibonzo ilinong'onwa kwamba wakati wake umepita. Mhariri mmoja alimpa nafasi ya hadithi chache, kana kwamba ni za kumwaga. Alichokileta Novemba mwaka huo ni Black Jack, tabibu asiye na leseni ambaye hupasua kwa ustadi usio na mfano na hudai malipo ya kutisha, ingawa mara nyingine hatozi kitu. Ajabu ni kwamba mtu aliyejiuza rahisi, akiwa amezungukwa na wadai, ndiye aliyembuni daktari huyo wa ghali. Visa hivyo viliendelea hadi 1983 vikazidi 240, na Tezuka akasimama tena. Udaktari ambao hakuutumia hospitalini ulimfaa mezani.

Kwa jumla yakadiriwa kwamba alichora kurasa 150,000. Alilala saa chache, aliahidi kazi nyingi kuliko mikono yake, na wahariri walikaa nyumbani kwake wakingoja zamu. Mwaka 1988 alipasuliwa tumbo. Ilikuwa saratani, lakini kwa desturi ya Japani ya wakati ule hakuambiwa, ingawa ni vigumu kuamini kwamba mtu mwenye leseni ya udaktari hakuhisi. Novemba mwaka huo alisafiri hadi Shanghai kwenye tamasha la filamu za vibonzo, akarudi mgonjwa sana. Hospitalini aliendelea kuchora kitandani, na yasimuliwa kwamba hata fahamu zilipokuwa zikimpotea aliomba aachwe afanye kazi. Alifariki Tokyo tarehe 9 Februari 1989, akiwa na miaka 60. Hadithi tatu zilibaki katikati, mojawapo ikiwa juu ya ujana wa Beethoven, mwanamuziki aliyepoteza masikio yake.