Mwalimu, Mama Maria na Bustani ya Mke Wangu



Vijana wenzangu, juzi usiku mvua ya kwanza imenyesha hapa Shishiyu. Ilipiga bati kwa kishindo mpaka tukaamka wote wawili, na asubuhi kijiji kizima kilinukia udongo mbichi. Sasa hivi ukipita njiani unasikia watu wanawaswaga maksai, plau zinaburutwa, watoto wanatumwa mbegu. Wenzetu wa Ulaya wana majira yao ya machipuko. Sisi watu wa Simiyu machipuko yetu ndiyo haya: kiangazi kimetuchosha, mifugo imekonda, halafu siku moja mbingu zinafunguka na unajikuta unamshukuru Mungu hata kabla hujapiga ishara ya msalaba.

Nataka niwasimulie habari za Mwalimu Julius Nyerere. Najua mtasema habari zake tumezisikia tangu darasa la kwanza. Mi pia nilidhani hivyo. Lakini mwaka huu VIWAWA wa kigango chetu walinipa kazi ya kuandaa mada juu yake kwa ajili ya kumbukumbu ya 14 Oktoba, na hiyo mada iliniingia mpaka ndani ya nyumba.

Nianze na nyumba yenyewe. Nilifunga ndoa kanisani mwaka jana. Kwa wakwe bado nadaiwa ng'ombe wawili wa mahari. Mke wangu ana bustani ndogo pembeni ya lambo: matuta ya mchicha, chainizi, nyanya na vitunguu. Humwagilia kwa ndoo asubuhi na jioni, kiangazi chote. Bustani hiyo ndiyo inayotupatia chumvi, sabuni, na mara nyingi sadaka ya Jumapili. Sasa mimi nikapiga hesabu zangu: pale penye bustani pana rutuba, nikipalima pamoja na kipande cha jirani nikapanda pamba, mwakani nalipa deni la ng'ombe. Nikamwambia mke wangu kwamba msimu huu bustani inaondoka. Hakubisha. Alinyamaza siku mbili. Walioko kwenye ndoa wanajua kimya cha namna hiyo kinavyosikika.

Basi nikiwa katika hali hiyo, nikakaa chini kuandaa mada.

Mtoto wa mvua

Mwalimu alizaliwa Butiama, mkoa wa Mara, jirani zetu kabisa, tarehe 13 Aprili 1922. Ni wakati wa masika, na mvua ilikuwa inanyesha sana, ndiyo maana akapewa jina la Kambarage, ambalo kwa Wazanaki ni jina la roho wa mvua. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki mwenye wake ishirini na wawili. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano. Kwa hiyo mtoto huyu alikulia kwenye boma lenye watu wengi, akichunga mbuzi na kumsaidia mama yake shambani.

Mwaka 1934 alianza shule ya Mwisenge, Musoma, na mwaka 1937 akaenda Tabora. Katika miaka hiyo ya shule alianza kuvutwa na imani Katoliki, lakini hakubatizwa haraka. Baba yake alifariki mwaka 1942. Tarehe 23 Desemba 1943, siku mbili kabla ya Noeli, alibatizwa katika misheni ya Nyegina akachagua jina la Julius. Alikuwa na miaka 21. Hakubatizwa akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Alifika kisimani kwa miguu yake, akijua anachoacha na anachopokea. Na kitu kimojawapo alichoacha ni boma lenye wake wengi.

Nyumba ya udongo

Baada ya Makerere alifundisha Tabora, katika shule ya Mtakatifu Maria ya Mapadri Weupe. Mwaka 1949 alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, akarudi mwaka 1952 na shahada yake. Hebu fikiria, vijana wenzangu. Wakati ule Mtanganyika mwenye shahada ya Ulaya alikuwa mtu wa kuhesabika. Huyu angeweza kutafuta nyumba ya serikali na kuvaa suti yake kwa amani.

Yeye alirudi Butiama akaanza kufyatua matofali ya udongo. Alikanyaga tope, akajenga nyumba kwa mikono yake, kwa sababu alikuwa na mchumba, mwalimu kijana aitwaye Maria Waningu, naye alitaka amlete kwenye nyumba yao wenyewe. Januari 1953 wakafunga ndoa kanisani. Mtoto wa boma la wake ishirini na wawili akaahidi mbele ya altare kuwa na mke mmoja.

Nilipofika hapo kwenye maandalizi nilisimama kidogo. Nyumba yangu mimi nilijengewa na fundi, na hela yenyewe nilikopa.

Kuku wa Mama Maria

Mwaka huohuo 1953 Mwalimu akaanza kufundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam, na siasa ikamvuta. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa. Mwaka 1955 ilibidi achague kati ya ualimu na siasa, akaacha kazi. Kwa lugha ya nyumbani, mshahara ulikatika, na watoto walikuwa wameanza kuja. Mwalimu alirudi kwa muda nyumbani kwao, akapata riziki kwa kuwafundisha Kizanaki mapadri wa Maryknoll. Baadaye kule Dar es Salaam, Mama Maria aliendesha duka dogo. Mume alizunguka nchi nzima kuhutubia, na mke akauza dukani na kulea.

Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka mmoja baadaye Mwalimu akawa Rais. Mama Maria aliendelea kuwa mtu wa kazi, akawa na mradi wa kufuga kuku. Kisha likaja Azimio la Arusha mwezi Februari 1967, likasema kiongozi asiwe na biashara binafsi. Mwenye azimio alikuwa mumewe. Basi mradi wa kuku ukaachwa.

Hapo nikafurahi, nisiwafiche. Nikaona nimepata hoja. Jioni ile tukila ugali na nsansa, nikamweleza mke wangu habari za kuku wa Mama Maria, jinsi mke mwema anavyoweza kuachia mradi wake kwa ajili ya jambo kubwa la mumewe. Nilidhani nimemaliza kesi.

Kumbe karatasi zangu za maandalizi alikuwa amezisoma zote mchana. Aliniuliza taratibu kama nimeikumbuka na ile habari ya mwaka 1966. Nilikuwa nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe: mwezi Oktoba mwaka ule, kabla hata ya Azimio, Mwalimu alijipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20. Mke wangu alitaka kujua tu, kwa upole, mimi asilimia zangu 20 nimezipunguza wapi.

Sikuwa na jibu. Hela ya pamba ya msimu uliopita nilinunulia simu mpya, na simu ilikuwa palepale mkekani, inawaka.

Ukubwa na makosa

Kabla sijaendelea niseme jambo moja kwa uaminifu, maana tukisimulia maisha ya watu wa Mungu tunapenda kuwapaka chokaa. Mwalimu alikosea pia. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, mamilioni ya watu walihamishiwa kwenye vijiji vipya, na sehemu nyingine walihamishwa kwa nguvu. Watu waliacha mashamba waliyoyazoea na miti waliyoipanda. Nia ilikuwa shule, maji na zahanati zifike kwa wote. Lakini huwezi kumfanyia mtu mema huku unamng'oa kwenye bustani yake bila kumsikiliza.

Nilipoandika sentensi hiyo nilijikuta naiangalia mara mbili. Nilikuwa najiandika mwenyewe. Mimi sina nchi ya kuongoza, nina matuta machache pembeni ya lambo, na hata hayo nilitaka kuyahamisha kwa amri.

Jembe baada ya Ikulu

Mwaka 1985 Mwalimu aling'atuka. Neno lenyewe kung'atuka amelileta yeye kwenye Kiswahili kutoka Kizanaki. Alirudi Butiama, mahali panapoitwa Mwitongo, kwenye majabali na miti, akashika jembe. Rais mstaafu alilima mahindi, akapanda miti, akakaa na wanakijiji wenzake.

Na alisali. Hili si jambo alilolianza uzeeni. Alipokuwa Rais, Dar es Salaam, alikuwa mtu wa Misa ya kila siku asubuhi. Katika uzee wake akafanya kazi nyingine ya taratibu kama ya mkulima: alizitunga Injili zote nne pamoja na Matendo ya Mitume kwa mashairi ya Kiswahili, vikachapwa mwaka 1996 kwa Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Waza mzee anatoka shambani, ananawa mikono, anakaa kutafuta vina vya Injili ya Mathayo.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu, akazikwa nyumbani Butiama tarehe 23 Oktoba. Mama Maria alibaki, wakiwa wametembea pamoja miaka 46 ya ndoa. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilipata kibali cha kuanzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri, ndiyo maana tunamwita Mtumishi wa Mungu. Kanisa bado linachunguza, kwa hiyo tusimwite mtakatifu kabla ya Kanisa. Ila kumwomba atuombee katika sala zetu binafsi inaruhusiwa, na kila tarehe 1 Juni mahujaji wengi hukutana Namugongo, Uganda, kuombea mchakato huo.

Nilichojifunza

Nilipoanza mada hii nilitafuta utakatifu wa Mwalimu kwenye hotuba, kwenye ukombozi wa Afrika, kwenye mambo makubwa. Yapo, na ni ya kweli. Lakini kilichonishika mimi ni kwamba alianza na tope. Kabla ya Ikulu kulikuwa na matofali ya udongo kwa ajili ya mke mmoja, na baada ya Ikulu kulikuwa na jembe. Alipotaka wengine wajinyime, alijinyima kwanza. Na pale aliposahau kusikiliza, hata nia njema iliumiza watu.

Sakramenti ya ndoa tuliyoipokea haikai kwenye cheti kilichowekwa kabatini. Inakaa kwenye maswali madogo: nani anabeba ndoo, nani anaamua shamba lipandwe nini, nani anaacha chake kwanza. Ukitaka kumjua Mkristo mwanaume, usimwangalie siku anaposoma somo kanisani. Kamwangalie jioni, pembeni ya lambo.

Mada niliitoa tarehe 14. Vijana walipiga makofi. Mke wangu alikuwa amekaa nyuma, hakupiga makofi, alitabasamu tu.

Simu nimeiuza. Hela yake haitoshi ng'ombe hata mmoja, msije mkadhani mambo yameisha. Imetosha mbegu, na miti ya kuzungushia bustani ili mbuzi wasiingie. Pamba tutapanda kipande cha juu, mbali na mboga, ili dawa za kuua wadudu zisifike kwenye mchicha. Ni kipande kidogo kuliko nilivyotaka. Kwa hiyo deni la mahari litabaki mwaka mwingine, na Jumapili ijayo baada ya Misa tutakwenda wote wawili kwa baba mkwe kumweleza. Naogopa kidogo. Mke wangu amesema atatangulia yeye kuongea.

Jana jioni nilibeba ndoo. Mvua ilikuwa imeshanyesha, bustani haikuhitaji maji. Tulicheka sana.

Kwa tafakari yako wiki hii:

Je, ni kitu gani unamdai mwenzako aache, wakati wewe hujaacha chako? Kama bado hujaoa au kuolewa, je, unamsubiri mtu wa kukujengea, au umeanza kukanyaga tope? Na nani nyumbani kwenu amenyamaza siku mbili, na hujamuuliza kwa nini?

Tusali: Ee Mungu Baba, unayeleta mvua kwa wakati wake, tunakushukuru kwa maisha ya mtumishi wako Julius. Zifundishe nyumba zetu kusikilizana. Utupe mikono isiyoona haya jembe wala ndoo, na moyo wa kutangulia katika kujinyima. Uwape uvumilivu wachumba, uwape furaha wanandoa, na ubariki mbegu tunazozifukia ardhini msimu huu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Muwe na msimu mwema wa kilimo, popote mlipo.