Mpanda Pikipiki wa Clouds Hill

Mtajie mtu wa makamo wa hapa visiwani jina la Lawrence, naye atakumbuka ile filamu ya mwaka 1962 iliyojaza majumba ya sinema: jangwa, ngamia, na Mwingereza aliyevaa kanzu nyeupe. Wachache watakumbuka kwamba filamu ile haianzi jangwani. Inaanza katika njia nyembamba ya shamba huko Uingereza, na mtu anayewasha pikipiki. Watazamaji wengi huisahau pikipiki hiyo mara ngamia wa kwanza anapotokea. Sisi leo twapenda kurudi kwake, kwa kuwa katika maisha ya mtu yule pikipiki ilichukua miaka mingi zaidi kuliko ngamia, na kwa kuwa mkasa wake wa mwisho una jambo linalotuhusu.

Thomas Edward Lawrence alizaliwa Tremadog, katika nchi ya Wales, tarehe 16 Agosti 1888, mtoto wa pili wa kiume kati ya watano. Jina la Lawrence halikuwa la ukoo. Baba yake, mtu wa cheo mwenye ardhi Ireland, alikuwa amemwacha mkewe na kukaa na yaya wa watoto wake, na wawili hao wakajificha chini ya jina walilojichagulia. Kijana akakua Oxford akijua, au akihisi, kwamba jina lake ni la kuazima. Huenda hapo ndipo pana chanzo cha tabia yake ya baadaye ya kubadili majina kama mtu abadilishaye shati.

Tangu ujana alipenda safari za peke yake. Mwaka 1908 aliizunguka Ufaransa kwa baskeli, zaidi ya kilomita 3,000, akitazama ngome za kale. Mwaka uliofuata alikwenda Shamu na kutembea kwa miguu kiasi cha kilomita 1,600 katika joto la kiangazi. Akapata shahada ya historia ya daraja la kwanza mwaka 1910, kisha akafanya kazi ya kuchimbua magofu ya Carchemish, kando ya mto Furati, mpaka vita vilipokaribia. Huko ndiko alikokijua Kiarabu cha watu wa kawaida.

Habari za vita zinajulikana, nasi tutazipita upesi. Oktoba 1916 alifika Jeddah, akakutana na Faisal, mwana wa Sharifu Hussein wa Makka, akawa mshauri na msaidizi wake katika uasi dhidi ya Waturuki. Akaba ilitekwa Julai 1917, na Damaskasi ikaingiwa Oktoba 1918. Lisilosemwa sana ni kwamba wakati Waarabu wakipigania uhuru walioahidiwa, Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimekwisha gawana nchi zao kwa mkataba wa siri wa mwaka 1916, na Lawrence alilijua jambo hilo kabla vita havijesha. Aliendelea kuwahimiza watu waende vitani huku akijua. Kosa hilo hatuwezi kumwondolea, wala yeye mwenyewe hakujiondolea. Mfalme George wa Tano alipotaka kumvisha nishani, alizikataa mbele yake.

Baada ya kuhudhuria mkutano wa amani wa Paris, na baada ya kumsaidia Churchill katika mambo ya Mashariki ya Kati mwaka 1921, Kanali huyu mwenye sifa dunia nzima alifanya jambo lililowashangaza wakubwa wake. Agosti 1922 alijiandikisha katika Jeshi la Anga kama askari wa chini kabisa, kwa jina la Ross. Magazeti yalipomfichua alitolewa jeshini Januari 1923, na Machi mwaka huo huo akajiunga na Jeshi la Vifaru kwa jina la Shaw. Kambi yao ilikuwa Bovington, katika jimbo la Dorset, na karibu na hapo alipata kijumba kibovu kiitwacho Clouds Hill, akakitengeneza pole pole kikawa mahali pake pa kusoma na kusikiliza santuri. Mwaka 1925 aliruhusiwa kurudi Jeshi la Anga.

Katika miaka hiyo ya kujificha ndipo ilipoingia pikipiki. Yeye alizitaka za aina moja tu, Brough Superior, zilizoundwa Nottingham na George Brough moja moja kama vile fundi hodari aundavyo jahazi. Zilikuwa na injini kubwa ya mitungi miwili, na ile iliyoitwa SS100 iliuzwa kwa dhamana kwamba imejaribiwa na kufikia maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Bei yake ilikuwa nje kabisa ya mshahara wa askari. Lawrence alimiliki saba, moja baada ya nyingine. Alizipa jina la Boanerges, lile la Injili lenye maana ya Wana wa Ngurumo, na pia aliziita George, wa kwanza mpaka wa saba. Kufikia mwaka 1926 alikuwa amekwisha endesha maili 100,000 juu ya tano za kwanza. Hizo ni sawa na kuizunguka dunia mara nne, katika nchi ambayo ukienda siku moja mfululizo unafika baharini.

Alipokuwa chuo cha anga cha Cranwell, jioni baada ya kazi alikuwa akitoka kwenda Lincoln kununua vyakula vya wenzake kambini. Siku moja ndege ya kivita ilipita juu yake, yeye akampungia rubani mkono, wakashindana, na mwenye pikipiki akatangulia. Kisa hicho yumo yeye mzima: mtu mfupi wa kimo, aliyechoka na umaarufu, aliyepata katika kasi ile starehe ambayo heshima za watu hazikumpa.

Mwishoni mwa 1926 alipelekwa Karachi, kisha Miranshah, mpakani mwa Afghanistan. Magazeti yakazua kwamba anachochea uasi huko, na serikali ikaona heri arudishwe. Alishuka Plymouth tarehe 2 Februari 1929, katika mwezi uliokuwa miongoni mwa Februari zenye baridi kali kabisa ya karne ile huko Uingereza. Marafiki zake, wakiwamo mwandishi Bernard Shaw na mkewe, walikuwa wamemnunulia Brough mpya. Machi akapangiwa kituo cha ndege za majini cha Cattewater, huko huko Plymouth, naye akatoka London kwenda kuripoti kazini juu ya pikipiki hiyo, safari ya kiasi cha kilomita 350.

Msomaji wa visiwani ahitaji kuelezwa Machi ya Uingereza ni kitu gani. Sisi twazijua zile siku za mwisho wa kaskazi, upepo ukiwa haujaamua uende wapi, nahodha akitoka na tanga moja na kurudi na hofu. Basi Machi yao ni hiyo, na baridi juu yake. Asubuhi jua linatoka, saa mbili baadaye yaanguka mvua ya mawe, kisha ukungu, kisha jua tena. Barabara hukauka mahali palipo wazi, lakini chini ya miti na nyuma ya kuta hubaki barafu nyembamba isiyoonekana, na mwenye magurudumu mawili hujua kwamba ipo pale anapokuwa amekwisha kuikanyaga. Vidole hufa ganzi mpaka mtu asijue ameshika breki kwa nguvu kiasi gani. Miwani huingia mvuke. Gari lina magurudumu manne ya kusamehe kosa, pikipiki haina. Lawrence aliyajua haya kwa mwili wake, kwani mwishoni mwa mwaka 1926, kabla ya kwenda Bara Hindi, aliteleza katika barabara iliyolowa mjini London na kuivunja pikipiki yake vibaya. Hata hivyo njia ile ya Plymouth na London aliipita tena na tena katika miaka iliyofuata, majira yote. Hata Nancy Astor, mwanamke wa kwanza kuketi katika Bunge la Uingereza na mbunge wa Plymouth, aliwahi kupanda nyuma yake.

Na kichwani alivaa nini? Kofia ya kitambaa, au hakuvaa kitu. Ndivyo walivyofanya karibu wote wakati ule.

Hapa yatupasa kusimama kidogo kwa jambo ambalo filamu haikulitia, nalo lawahusu watu wa bahari. Tarehe 4 Februari 1931 ndege ya majini ilianguka mbele ya kituo cha Plymouth, na watu 9 wakafa. Lawrence alikuwepo ufukweni, akaingia katika kazi ya uokoaji. Boti za jeshi zilikuwa nzito na za pole pole, za umbo la zamani lisukumalo maji mbele yake. Yeye, askari asiye na cheo, akashikilia kwamba lazima ziwepo boti nyepesi za kasi, zinazopanda juu ya maji badala ya kuyalima. Akapelekwa Southampton kufanya kazi pamoja na mjenzi Hubert Scott-Paine, akazijaribu boti hizo baharini katika kila hali ya hewa, na akaandika kitabu cha maelezo ya kuzitunza, kikavu na safi, ambacho fundi yeyote angekifuata. Boti zilizotokana na mtindo huo ndizo zilizookota marubani baharini katika Vita Kuu ya Pili. Sisi twaamini kazi hii yastahili kutajwa pamoja na Akaba, na pengine kabla yake. Katika hii hakumdanganya mtu.

Muda wake wa jeshi ulikwisha Februari 1935 akiwa Bridlington, bandari ya kaskazini mashariki ambako alisimamia matengenezo ya boti. Fedha zilikuwa chache, kwani mapato ya kitabu chake kilichouzwa sana mwaka 1927 aliyatoa kwa hisani ya jeshi. Kwa hiyo tarehe 26 Februari, katika upepo wa bahari ya kaskazini, mshindani wa ndege alipanda baskeli akaelekea kusini. Alinuia kumtembelea njiani mwandishi Frederic Manning, akapata habari kwamba amefariki siku chache kabla. Akapita Cambridge kwa ndugu yake, akafika Clouds Hill, na kukuta waandishi wa habari wamekizingira kijumba chake.

Walipoondoka, alirudia pikipiki. Asubuhi ya tarehe 13 Mei 1935 alikwenda kambini Bovington kupeleka simu ya maandishi. Katika kurudi, barabara inapoinama na kuinuka tena hata usione kilicho mbele, alikuta vijana wawili wa baskeli. Akakwepa, akagusa baskeli moja, akarushwa. Pikipiki yenyewe haikuumia sana. Ilitengenezwa na ingalipo hadi leo. Yeye alikaa siku sita bila fahamu, akafariki tarehe 19 Mei akiwa na umri wa miaka 46. Alizikwa Moreton siku mbili baadaye, na Churchill alikuwa miongoni mwa waliohudhuria.

Kati ya madaktari walioitwa kitandani pake alikuwamo Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo, mzaliwa wa Australia. Hakuweza kumwokoa. Lakini hakuliacha jambo likazikwa pale Moreton. Alipata nafasi ya kulichunguza vita vilipokuja, kwa sababu jeshi lilitumia matarishi wa pikipiki kwa maelfu, nao walikufa barabarani kabla ya kumwona adui. Oktoba 1941 alichapisha uchunguzi wake katika jarida la madaktari wa Uingereza. Katika miezi 21 ya kwanza ya vita, waendeshaji na abiria wa pikipiki 2,279 walikuwa wameuawa katika ajali, na majeraha ya kichwa ndiyo yaliyoongoza. Aliweza kupata watu 7 tu waliopata ajali wakiwa wamevaa kofia ngumu. Wote 7 walipona.

Watu 7 ni wachache mno kwa hesabu za kitaalamu, na Cairns alijua. Jeshi halikungoja hesabu ikamilike. Mwezi uliofuata amri ilitolewa kwamba kila askari wa pikipiki avae kofia ngumu. Maofisa wanaosoma safu hii watatambua jinsi jambo lilivyokuwa jepesi mahali penye amri moja na daftari moja la vifo. Uraiani mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine. Palikuwa na hoja za uhuru, za gharama, za joto na za kuharibu nywele, hoja zile zile tuzisikiazo hapa kwetu kwa vijana wanaoning'iniza kofia kwenye usukani na kuivaa wamwonapo askari wa barabarani. Cairns akaendelea kuchapisha takwimu, akionyesha vifo vikipungua jeshini kadiri kofia zilivyoenea.

Sheria ya kuwalazimisha raia wa Uingereza wote wapandao pikipiki kuvaa kofia ngumu ilianza kutumika mwaka 1973, miaka 38 tangu ajali ya Clouds Hill. Cairns alikuwa amekwisha fariki mwaka 1952.